Gego la Mwisho: Namna ya Kujua Kama Linastahili Kung'olewa

Kuna mtu anayefika kwa daktari wa meno akiwa amekwisha kukata shauri kwamba gego lake la mwisho ling'olewe, kwa kuwa limemnyima usingizi siku tatu, kumbe ufizi wake ukisafishwa vizuri jino hilo litakaa kinywani miaka mingi bila kumsumbua. Kuna mwingine ambaye gego lake halijamuuma hata siku moja, naye hushangaa kuambiwa liondolewe, maana picha imeonyesha kuwa limekwisha kuliozesha jino la jirani. Wote wawili walikuwa wakilipima jino kwa maumivu, na maumivu ni kipimo kibovu katika jambo hili. Linalofaa kuulizwa ni kama kuna ugonjwa katika jino lenyewe, katika ufizi unaolizunguka, katika mfupa uliolibeba au katika jino lililo mbele yake, au kama jino limekaa mkao ambao ugonjwa hauna budi kufika. Hatua zifuatazo zinakusaidia kulijibu swali hilo pamoja na daktari wako, wala haziwezi kushika nafasi yake.

Hatua ya 1: Hakikisha ni gego la mwisho kweli

Anza kuhesabu kutoka pale meno mawili ya mbele yanapokutana. Jino la katikati ni la kwanza, na ukienda nyuma kwa upande mmoja gego la mwisho huwa la nane. Kama uliwahi kung'olewa jino, lihesabu pengo lake pia. Mtu mzima mwenye magego yote manne ya mwisho ana meno 32, na asiye nayo ana 28. Hiyo si kasoro, kwa sababu wapo ambao hawaoti hata moja, na wengine huota mawili au matatu tu. Kwa kawaida huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25, ndiyo maana yakaitwa meno ya hekima, ingawa anayeyaota huwa hana hekima zaidi ya aliyoamka nayo jana.

Katika kadi yako daktari anaweza kuyaandika kwa namba. Kwa mfumo unaotumika katika nchi nyingi, 18 ni la juu kulia, 28 la juu kushoto, 38 la chini kushoto na 48 la chini kulia, na kulia kunakotajwa ni kulia kwako wewe mwenye kinywa. Usiidharau hesabu hii. Si ajabu jino linalouma nyuma kabisa likawa la saba, lenye tundu upande usioonekana, na kung'oa la nane hakutaliponya.

Hatua ya 2: Litazame kwa kioo na taa

Osha mikono, simama mbele ya kioo, washa taa ya simu na uielekeze nyuma ya kinywa. Usipanue kinywa hadi mwisho, kwa sababu shavu hukaza na kulificha jino. Kifunge kidogo, kisha livute shavu pembeni kwa kidole.

Utalikuta gego katika mojawapo ya hali tatu. Huenda limetoka lote, limesimama wima, linakutana na mwenzake wa taya la pili na mswaki unalifikia, na hapo ni jino kama mengine. Huenda limefichika lote chini ya ufizi au ndani ya mfupa, usilione kabisa, na hali yake ikawa ya kujulikana kwa eksirei tu. Au huenda limetoka nusu, na hili ndilo lenye matata kuliko yote, hasa likiwa katika taya la chini.

Jino lililotoka nusu linafaa kutazamwa kwa utulivu. Utaona ncha moja au mbili nyeupe zimechungulia, na nyuma yake kipande cha ufizi kimelala juu ya sehemu iliyobaki kama kifuniko kisichofunga sawasawa. Chini ya kifuniko hicho kuna mfuko mwembamba usioingia mswaki, ambamo mabaki ya chakula na bakteria hujificha. Kibonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Ufizi wenye afya hauumi ukibonyezwa hivyo, wala hautoi kitu. Ulio na ugonjwa huwa mwekundu na umevimba, huuma ukiguswa, na pengine hutoa tone la majimaji au usaha ambao ladha yake mbaya hubaki ulimini kwa muda. Angalia pia kama kifuniko hicho kina alama za meno, kwa maana ufizi wa chini ukishavimba, gego la juu huanza kuutafuna kila unapofunga kinywa, na kadiri linavyoutafuna ndivyo unavyozidi kuvimba.

Mwisho, pima kinywa kinafunguka kiasi gani. Bananisha kidole cha shahada, cha kati na cha pete, vikae kimoja juu ya kingine, ujaribu kuviingiza kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi huweza. Kama zamani viliingia vitatu na leo kinaingia kimoja tu, uvimbe umeigusa misuli ya kutafuna, na hilo ni jambo la kumwona daktari leo.

Hatua ya 3: Andika maumivu yanavyokuja na kuondoka

Chukua daftari au simu uandike tarehe maumivu yalipoanza, yalidumu siku ngapi, na kama yalifuatana na uvimbe, harufu mbaya, usaha au homa. Kumbukumbu hii ina kazi kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu daktari atakuuliza ni mara ngapi, na wengi hujibu kwa kubahatisha.

Jino linalochomoza tu huleta maumivu mepesi ya kubana yanayokuja siku chache na kupotea, ufizi ukiwa haujavimba sana. Hayo si sababu ya kung'oa. Uvimbe wa ufizi unaolifunika jino huuma kwa kupwita, huuma zaidi wakati wa kutafuna au kumeza, na mara nyingine maumivu hupanda hadi sikioni. Jino lililooza huanza kwa kushtuka linapoguswa na kitu baridi, cha moto au kitamu. Uozo ukifika kwenye kiini huuma lenyewe, hasa usiku. Yapo pia maumivu yasiyohusiana na gego hata kidogo: kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio huuma kwa watu wanaosaga meno usingizini, na mafua yaliyoziba uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu huweza kuyafanya magego ya juu yaume yote kwa pamoja, hasa mtu anapoinama.

Hatua ya 4: Zijue dalili zisizongoja miadi

Ukiona unashindwa kupumua vizuri, unashindwa kumeza hata mate yako, sauti imebadilika, sakafu ya kinywa chini ya ulimi imeinuka, au uvimbe umeshuka chini ya taya kuelekea shingoni, nenda hospitali yenye huduma ya dharura wakati huohuo, hata ikiwa usiku wa manane. Usaha wa gego la chini unaweza kupenya kati ya tabaka za misuli ya shingo na kuibana njia ya hewa, na hali hiyo huua. Homa kali yenye kutetemeka, kinywa kinachozidi kufunga na uvimbe unaopanda kuelekea jicho navyo vinahitaji kuonwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Tuliza ufizi kabla ya kuamua

Uamuzi mzuri hauchukuliwi shavu likiwa limevimba. Kama hakuna dalili ya dharura, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja, mara kadhaa kwa siku na hasa baada ya kula, na upige mswaki mahali hapo hata kama panauma, kwa mswaki mdogo wenye nywele laini, kwani ukoga ukiachwa ndio unaoendeleza ugonjwa. Kwa maumivu, parasetamoli humfaa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, mradi asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni hupunguza uvimbe pia, lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo wala mjamzito pasipo ushauri wa daktari. Kuna tabia ya kusaga aspirini na kuibandika juu ya ufizi. Iache kabisa, kwa sababu huuunguza ufizi na kukuachia kidonda cheupe juu ya uvimbe uliokuwa nao.

Kliniki, daktari ataosha chini ya kile kifuniko cha ufizi kwa bomba la maji, na anaweza kukupa dawa ya kusukutua yenye kloroheksidini. Gego la juu likiwa linautafuna ufizi wa chini, atalisaga ncha, au kama halina kazi ataliondoa hilo la juu kwanza. Antibiotiki zina nafasi yake pale ambapo kuna homa, kinywa kimefunga au uvimbe umeanza kusambaa. Zikitumika peke yake hunyamazisha ugonjwa kwa wiki chache, mfuko ukabaki vilevile, na ugonjwa hurudi. Mtu ambaye amemeza dozi tatu kwa ajili ya jino lilelile tayari ana jibu lake, ila hajalisoma.

Hatua ya 6: Piga eksirei na uombe kuonyeshwa

Gego la chini halipaswi kuamuliwa bila picha. Inayotumika zaidi ni ile ya mzunguko, ambayo mashine hukizunguka kichwa na kuyaonyesha mataya yote mawili kwa pamoja. Usiridhike na kauli kwamba "limelala". Omba uonyeshwe mambo manne.

La kwanza ni mwelekeo wa jino. Linaweza kusimama wima likakosa nafasi tu, likainama mbele kulielekea la saba, likaegemea nyuma, au likalala kabisa kama gogo. La pili ni jirani: tazama pale ambapo taji la la nane, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya mizizi, limeligusa la saba, kwa maana doa jeusi katika ukuta wa nyuma wa la saba ni uozo, na mfupa uliopungua kati ya meno hayo mawili ni ugonjwa wa fizi. La tatu ni kifuko kinacholizunguka taji la jino lililofichika. Kikiwa kimepanuka kupita kawaida, huenda ni uvimbe wenye majimaji, ambao hukua kimya na kuula mfupa wa taya.

La nne ni mshipa wa fahamu. Ndani ya taya la chini mna mfereji unaoupitisha mshipa unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu, na kwenye picha mfereji huo huonekana kama njia ya kijivu yenye mistari miwili myeupe, mmoja juu na mmoja chini. Fuata mstari wa juu kwa kidole hadi ufike kwenye mizizi ya gego. Kama umekatika hapo, au mfereji umepinda ghafla, au mzizi umekuwa mweusi zaidi pale unapokutana na mfereji, mshipa na mzizi huenda vimeshikana, na daktari anaweza kutaka skani ya pande tatu kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 7: Zitenge sababu nzito na sababu nyepesi

Sababu zinazotosha kung'oa ni hizi: jino limeoza kiasi cha kutozibika, au liko mahali ambapo kuliziba hakuna maana kwa kuwa halisafishiki, usaha umekusanyika kwenye mzizi, ufizi umevimba na kuambukizwa zaidi ya mara moja, au mara moja lakini kwa ukali mkubwa, jino la saba limeanza kuoza, kuliwa mzizi au kupoteza mfupa kwa sababu ya la nane, pamejitokeza uvimbe wenye majimaji au uvimbe mwingine, jino limevunjika, au liko katika njia ya upasuaji wa taya unaotakiwa kufanywa.

Kati ya hizo, ya jirani ndiyo inayopuuzwa zaidi, nami naiona kuwa nzito kuliko zote. Gego la nane halina kazi kubwa katika kutafuna, lakini la saba linayo. La nane likiwa limeinama mbele na kuchungulia kidogo tu juu ya ufizi, kati yake na la saba hujengeka pembe ambayo hakuna mswaki wala uzi wa meno unaoifikia, na uozo huanza pale chini karibu na shingo ya la saba, mahali ambapo kuziba ni kugumu. Huko maumivu huchelewa, na mtu anapokuja kuyasikia huenda akayapoteza meno yote mawili. Kwa hiyo jino lililokaa hivyo linastahili kujadiliwa mapema, hata kama limetulia.

Sababu nyepesi nazo zinajulikana. "Yatayapinda meno ya mbele" ni hofu ya zamani, na utafiti haujaonyesha kwamba kuyang'oa magego ya mwisho huzuia meno ya mbele kubanana. Meno hayo hubanana kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu wasiokuwa na magego hayo. "Ndugu yangu aling'olewa manne" si sababu. "Tuyatoe yote kwa mara moja" inaweza kuwa rahisi kwa ratiba, lakini kila jino linapaswa kuwa na hoja yake.

Hapa madaktari wenyewe hawakubaliani. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ulielekeza kwamba magego yaliyokwama lakini hayana ugonjwa yasing'olewe kwa ajili ya kinga katika huduma ya afya ya umma, na kwamba uvimbe wa kwanza wa ufizi usichukuliwe kuwa sababu isipokuwa ukiwa mkali sana. Nchini Marekani madaktari wengi wamezoea kupendekeza yaondolewe mtu akiwa bado kijana. Kila upande una lake. Kwa kijana mizizi haijakamilika, mfupa ni laini zaidi na kidonda hupona upesi. Anayengoja hadi umri wa miaka 40 huenda akalazimika kufanyiwa upasuaji mgumu zaidi. Lakini pia jino ambalo lisingeleta shida maisha yote likitolewa, mwenyewe amebeba hatari ya upasuaji bila faida. Mtazamo wangu ni kwamba jino lililofichika lote ndani ya mfupa na halina doa lolote kwenye picha liachwe, ilhali lililotoka nusu na kuinama mbele lisiachwe bila mjadala.

Hatua ya 8: Taja afya yako yote

Mweleze daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe kabla ya kung'olewa. Taja dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge na za sindano, kwa sababu baadhi yake huufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya jino kutoka. Taja mionzi uliyowahi kupigwa kichwani au shingoni, kisukari, ugonjwa wa moyo, mzio wa dawa na ujauzito. Mambo haya huweza kubadilisha wakati na namna ya kung'oa, na mara nyingine huugeuza uamuzi wenyewe.

Hatua ya 9: Uliza kitakachotokea kwa kila njia

Kabla ya kukubali, uliza maswali mawili: nini kitatokea jino likiachwa, na nini kinaweza kuharibika likitolewa. Kwa gego la chini, hatari inayopaswa kutajwa kwa uwazi ni ganzi ya mdomo, kidevu au ulimi, ambayo kwa walio wengi huisha baada ya wiki au miezi, na kwa wachache sana hubaki. Pale ambapo mzizi umeukumbatia mshipa, na jino lenyewe halijaoza, uliza kuhusu kukata taji peke yake na kuiacha mizizi mahali pake. Kwa gego la juu, uliza mizizi iko karibu kiasi gani na uwazi wa hewa wa mfupa wa shavu. Uliza pia kama kazi itafanyika kwa ganzi ya sindano, ambayo hutosha kwa mengi, au kwa nusukaputi.

Wengi hutahadharishwa kuhusu siku ya kwanza na kusahau ya tatu. Uvimbe hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu kisha hupungua, na hilo ni la kawaida. Lakini maumivu yaliyokuwa yakipungua yakirudi kwa nguvu kati ya siku ya pili na ya tano, pamoja na harufu mbaya, huenda bonge la damu lililoziba shimo limetoka na mfupa umebaki wazi. Rudi kliniki paoshwe na kuwekwa dawa. Uvutaji wa sigara huongeza sana hatari hiyo, na kutema kwa nguvu, kusukutua kabla ya saa 24 au kunyonya kwa mrija kunaweza kuling'oa bonge hilo.

Hatua ya 10: Kama linabaki, lisimamie

Jino lililoachwa limepewa muda tu. Panga na daktari lini litaangaliwa tena, hata kama liko kimya, na piga eksirei nyingine pale atakapoona sababu. Kila usiku lisafishe la mwisho, kinywa kikiwa kimefungwa nusu ili shavu lilegee na mswaki upite, ukiuingiza kwa pembeni na kuusugua ukuta wa nyuma wa jino, ambao mswaki wa moja kwa moja haufiki. Siku ambayo lile daftari la hatua ya tatu litapata tarehe ya pili yenye uvimbe na usaha, piga simu kliniki.